Mwanafunzi ameitwa kwenye kikao cha nidhamu: mwongozo kwa wanafunzi wa sheria wanaomsaidia, Mtwara na Lindi

1. Anza na barua ya shule. Amesimamishwa au amefukuzwa? Kufukuza kuna Kanuni zake, Tangazo la Serikali Na. 295 la 2002. Viboko ni Na. 294 la mwaka huohuo. Toa nakala za Kanuni zote mbili.

2. Mhoji mtoto peke yake, kisha mzazi. Mbele ya baba mtoto hukubali hata asilofanya. Andika tarehe moja moja. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, shtaka la kawaida ni utoro, na mzazi hukimbilia kusema, "Nilimtuma mimi shambani." Asisaini maneno hayo kabla hujamweleza kwamba kwa mtoto wa shule ya msingi, Sheria ya Elimu inambana mzazi mwenyewe kuhusu mahudhurio. Unaweza kumwokoa mtoto ukamtia mama yake matatani.

3. Omba kitabu cha adhabu. Hapa ndipo kesi nyingi hugeuka. Viboko havizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye madaraka hayo kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe: jina, kosa, idadi, aliyechapa. Shule ikidai utovu wa nidhamu "wa mara kwa mara" na kitabu ni kitupu, uliza hizo mara zimeandikwa wapi. Linganisha pia daftari la mahudhurio: mtu hawezi kuvunja dirisha siku aliyoandikwa hayupo.

4. Kikaoni. Wewe si wakili, na tai haisaidii. Mzazi atangulie: "Shikamoo mwalimu, nimekuja na huyu kijana anisaidie kueleza." Ukimwaga vifungu mfululizo, walimu hujihami na mlango unafungwa. Kimoja kinatosha: Katiba, ibara ya 13(6)(a), haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa. Omba tuhuma zisomwe, mtoto ajibu kwa maneno yake, kisha pendekeza adhabu nyepesi iliyo na muda maalumu.

Likijitokeza suala la ukatili wa kingono, acha utetezi wa nidhamu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi siku hiyohiyo.

5. Uamuzi uwe kwenye karatasi. Neno la mdomo halikatiwi rufaa. Shule ikichelewa, mzazi aandike barua kuomba uamuzi, nakala kwa afisa elimu wa halmashauri, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa msichana aliyeacha masomo kwa mimba, ambatisha Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaoruhusu kurudi. Baadhi ya ofisi bado hujibu kwa mazoea ya zamani ya kumkatalia.