Risasi isiyo na madini ya risasi katika bunduki ya babu: mambo ya kuzingatia kabla ya kuitumia

Bunduki ya mitutu miwili aliyotuachia babu ilitengenezwa Birmingham, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulia usiku ili nguruwe mwitu watoke kwenye mahindi yetu kandokando ya mto Sabaki. Kila mlio ulimwaga gramu 30 hivi za marisaa, yaani zaidi ya punje 250 za madini ya risasi, na nyingi ziliishia kwenye tope la mto. Bata hana meno. Humeza changarawe zimsagie chakula kwenye firigisi. Akimeza marisaa akidhani ni changarawe, firigisi husaga risasi hiyo na sumu yake huingia kwenye damu. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku marisaa ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza kwenye maeneo oevu kuanzia 2023. Anayeujua mdomo wa Sabaki maji yakitoka, na ndege walivyojaa pale kwenye matope, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi nimeyaacha marisaa ya risasi, nikatafuta ya chuma au ya bismuthi, metali nyingine nzito. Lakini nilijifunza kwamba bunduki kuukuu haibadilishiwi chakula kama jenereta inavyobadilishiwa oili.

Kwanza, karatasi. Cheti cha silaha ni cha mtu, hakirithiwi kama shamba. Babu alipofariki bunduki ilikaa kituo cha polisi mpaka mimi nilipopata cheti changu. Na kuwa na cheti si ruhusa ya kuua: uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na mnyama anayekusumbua shambani ni habari ya kuripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Karatasi zikiwa sawa, hakikisha bunduki haina kitu ndani, itenganishe mitutu na kitako, kisha uchukue tochi. Chini ya mtutu, karibu na bawaba, kuna alama ndogo zilizogongwa kwa nyundo. Hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Nilifuta grisi iliyoganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na zikatokea moja moja: taji, herufi, tarakimu. Uingereza kila mtutu hujaribiwa London au Birmingham kwa kufyatuliwa shehena nzito kuliko ya kawaida, halafu hupigwa muhuri. Ukiona maneno NITRO PROOF, ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ile ya katriji za siku hizi, yaani maganda yenye baruti na marisaa. Usipoyaona wala alama inayolingana nayo, huenda ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu, na katriji za siku hizi si zake, ziwe za risasi au za kitu kingine. Mitutu ya Dameski, ile yenye michirizi kama mkeka uliosukwa, iweke mbali kabisa na marisaa ya chuma, hata kama inang'aa namna gani.

Jambo la chemba, sehemu ya mtutu inamokaa katriji, ndilo lililonishtua kuliko yote. Nilimpelekea bunduki fundi mwenye leseni, pamoja na katriji mpya ya milimita 70. Akaipachika, akaifunga, ikafunga bila kukwama.

"Umeona, mzee? Inaingia," nikamwambia.

"Kuingia si kutosha, mwanangu. Mdomo wake utafungukia wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Mdomo wa katriji umekunjwa, kwa hiyo kabla ya kufyatuliwa huwa mfupi. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65. Katriji ya 70 huingia vizuri, lakini ikilipuka mdomo wake hufungukia pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, njia inabanwa, na shinikizo linapanda. Ya kwetu ilikuwa 65. Ningeifyatua siku ile nikiamini iko sawa.

Kisha pima mbano wa mdomo wa mtutu, ambao mafundi huuita choki. Madini ya risasi ni laini, hujibana yakipita penye upenyo mdogo. Chuma hakijibani, kinausukuma mtutu, na mtutu mwembamba unaweza kuvimba au kuacha pete. Choki isizidi nusu, ambayo ni kama nusu milimita ya kubana katika bunduki ya 12 (namba hiyo ni kipimo cha upana wa mtutu). Unene wa ukuta wa mtutu nao upimwe na fundi mwenye kifaa chake, si kwa jicho. Kuna jaribio la kale ninalolipenda: mtutu unaning'inizwa kwa uzi na kugongwa kwa ukucha. Ukilia kama kengele, vizuri. Ukinguruma, kuna kitu kimeachia. Lakini hata ukilia vizuri, kupima kuko palepale.

Ndipo uchague. Katriji za chuma za kawaida za bunduki ya 12 hazitakiwi kuzidi shinikizo la bar 740. Zile zenye nguvu hufika 1,050, na ni za bunduki zilizojaribiwa kwa ajili yake tu na kupigwa muhuri wa ua la yungiyungi. Bunduki ya babu yako haina ua hilo. Kwangu mimi jibu ni bismuthi. Uzito wake ni gramu 9.6 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ni 11.3 na chuma ni 7.8 hivi, na ulaini wake unaipa mitutu ya zamani nafuu kubwa. Ni ghali kuliko chuma, nakubali, na bado urefu wa ganda lazima ulingane na chemba. Lakini mtutu ukipasuka karibu na mkono wako wa kushoto, hutakumbuka bei ya boksi.

Anayetumia chuma katika bunduki inayokiruhusu avae miwani ya kukinga macho, na kila aliye karibu naye vilevile. Chuma kinaruka kikigonga kitu kigumu, na huku kwetu ukuta ni jiwe la matumbawe na ufuo una miamba.

Halafu kuna unyevu wetu. Punje za chuma zikiingiwa na maji ndani ya ganda hushika kutu na kugandana, na kinachotoka hapo si marisaa tena bali bonge moja, ndani ya mtutu ambao haukuundiwa bonge. Hewa ya chumvi ya Malindi inakula hata bawaba za mlango. Katriji zangu hukaa kwenye mkebe wa bati wenye mpira kwenye kifuniko, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na bunduki. Kwenye kila boksi nimeandika mwezi na mwaka niliolinunua, na yoyote yenye ukijani kwenye shaba ya kitako hairudi mkebeni. Naipeleka kwa muuzaji mwenye leseni aiharibu.