Kuwapeleka wanafunzi mwambani maji yakikupwa

Somo la viumbe vya pwani huharibika kwa kosa moja: mwalimu kupanga siku kwa ratiba ya shule bila kuangalia ratiba ya maji. Anafika na watoto 40, anakuta bahari imejaa mpaka kwenye mikoko.

Kwa hiyo anza na mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo ndipo maji yanakupwa mbali kabisa. Kwa kalenda ya Kiislamu, tafuta tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17. Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, siku hizo maji hufika mwisho wa kupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi hivi, wakati mzuri kabisa kwa shule. Hakikisha kwenye jedwali la maji, kisha muulize mvuvi wa pale pale unapokwenda, kwa sababu yeye ndiye anayejua mifereji ya eneo lake. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, usiende. Mwamba haufunuki vya kutosha.

Kama maji yatakauka saa 4:30, ingieni saa 3:00 mkiyafuata yanavyorudi, na saa 4:30 juu ya alama geukeni, hata kama watoto wanalalamika. Hapa msilegeze. Siku ya bamvua maji yanaweza kupanda mita 3.6 kwa muda wa saa sita, lakini hayapandi sawasawa: saa ya kwanza sentimita 30 hivi, ya pili 60, ya tatu 90. Saa ile ya kwanza huwadanganya watu. Tena mifereji iliyo nyuma yenu, upande wa pwani, hujaa kabla maji hayajafika miguuni penu, na mtoto wa darasa la nne anajikuta amezungukwa. Mtu mzima mmoja abaki ufukweni na filimbi, kazi yake ni kutazama mifereji hiyo tu.

Kila watoto 8 wawe na mtu mzima mmoja, na watembee wawiliwawili. Wavae raba za kufunga kamba. Ndala hunasa kwenye tope, na miiba ya nungu bahari hupenya soli yake. Kila mmoja abebe lita 1.5 ya maji ya kunywa, kofia, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, maandishi yanafutika yakilowa.

Beba pia chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto. Mtoto akichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa au wa samaki jiwe, changanya maji hayo na ya baridi kwenye beseni, mwalimu ayajaribu kwanza kwa mkono wake asije akamuunguza, kisha mguu ulowekwe wakati mkielekea kutafuta gari la hospitali. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Konokono wenye kombe la umbo la pia wasiguswe kabisa, hata wakionekana wamekufa. Baadhi yao huchoma kwa sumu kali.

Kwa kazi yenyewe, funga kamba ya mita 2 iwe duara, weka fundo kila sentimita 50, halafu ivutwe pembe nne: huo ni mraba wa kuhesabia. Nyoosha kamba nyingine ya mita 50 kutoka pwani kuelekea bahari, na kila baada ya mita 10 watoto waweke mraba na kuhesabu: kaa wangapi, kome, konokono, mwani wa aina gani. Jiwe likiinuliwa lirudishwe vilevile, upande wa chini ukae chini. Vinavyoishi chini yake hufa vikiachwa juani.

Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mtapita kwenye mashamba ya mwani. Kamba zile ni mali ya mtu. Msizivuke bila kuomba ruhusa. Kwenye eneo la hifadhi ya bahari, kibali kiombwe mapema.

Hesabuni vichwa mkiingia, mkigeuka na mkifika mchangani. Siku inayofuata darasani, kila kundi lichore grafu ya miraba yake. Kwa kawaida miraba ya chini huwa na aina nyingi kuliko ya juu. Waulize ni viumbe gani wanaomudu kukaa juani saa nyingi bila maji, na wanajifungaje.