Nyanya kwenye udongo wa chumvi: kuvu ya mizizi kwanza, sukari baadaye

Kaskazi ikishika, maji ya visima vingi vya Lamu huzidi chumvi, na kingo za majani ya nyanya huungua hata ukimwagilia asubuhi na jioni. Kuvu ya mikoriza, inayoishi ndani ya mizizi ya mimea, haiondoi chumvi hiyo. Nyuzi zake hufika pale mzizi usipofika, huuletea maji na fosforasi, na kuusaidia mmea kushika potasiamu badala ya kujaa sodiamu.

Hatua ya 1: Pima. Tia gramu 50 za udongo mkavu katika mililita 250 za maji ya mvua, tikisa, acha saa moja, kisha soma kwa mita ya EC, inayopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kwa udongo wa kichanga zidisha kwa 13 hivi. Ukisoma 0.2, una karibu 2.6 dS/m (kipimo cha chumvi ya udongo). Nyanya huanza kupunguza mavuno ikipita 2.5, maharagwe, 1 tu. Mita ikionyesha zaidi ya 0.5, subiri masika yaoshe udongo kwanza.

Hatua ya 2: Zalisha kuvu. Chimba udongo wenye mizizi ya nyasi zinazostawi ukingoni mwa sehemu yenye chumvi, maana kuvu ya hapo imeshaizoea. Usichukue palipowahi kunyauka nyanya, utabeba na ugonjwa. Changanya sehemu 1 ya udongo huo na 3 za mchanga wa mto uliopikwa kwa mvuke (wa ufuoni hapana), jaza ndoo iliyotobolewa chini, panda mtama. Baada ya miezi 3 acha kumwagilia wiki 2. Mtama ukikauka, kuvu huacha spora, yaani mbegu zake. Kata mabua, katakata mizizi, irudishe ndani ya mchanga wake, hifadhi kivulini.

Hatua ya 3: Pandikiza. Tia gramu 30 za mchanga huo wenye kuvu ndani ya shimo, mizizi ya mche ikae juu yake. Kuinyunyiza juu ya tuta ni kazi bure: isipogusana na mzizi, haiingii.

Hapa ndipo wengi huharibu. DAP (mbolea yenye fosforasi nyingi) shimoni, au samadi ya kuku kwa wingi, huushibisha mmea fosforasi, nao huifungia kuvu mlango. Dawa ya ukungu ikimwagwa shinani yaweza kuiua. Tena usiisumbukie sukuma wiki, kabeji wala mchicha. Hizo haziungani nayo. Bilinganya, pilipili na bamia, sawa.

Hatua ya 4: Trehalosi, sukari ya kuusaidia mmea kuhimili chumvi. Siku 10 baada ya kupandikiza, yeyusha gramu 3.8 kwa lita ya maji baridi, yasiyo ya kisima cha chumvi, unyunyize majani jioni. Rudia mara 2, kila baada ya siku 10. Usiongeze dozi, miche itadumaa. Sukari ya chai si badala yake: ukiimwaga udongoni, bakteria huzaana, hunyakua nitrojeni, na majani hugeuka manjano.

Trehalosi ni ghali. Nyunyiza mistari 2, acha 2 yenye kuvu tupu, upime mavuno ya pande zote kabla ya kununua tena.