Zimwi yako anakulaka nini? Namna mi nachoraka nyama za kuwazia na kidole ku telefone

Nkambo wangu alishika telefone, akaisogeza mbali na macho vile wazee banafanyaka, akaangalia zimwi yangu ya kwanza, kisha akauliza: "Sasa huyu anakulaka nini?" Nikabaki kimya. Nilikuwa nimemuweka meno safu tatu, mabawa ine, pembe mpaka ku magoti, moto inatoka mu pua, lakini kwa ukweli ile mudomo ata kufunga haingeweza juu meno ya juu yalikuwa yanaingia mu kidevu. Toka siku ile kila nyama ya kuwazia ninaanza na swali ya nkambo. Nitakuonyesha na mufano moya: nyama mwenye kuishi ndani ya kichuguu, bile bichuguu bikubwa tunaonaka tukitoka Lubumbashi, bingine binapita nyumba kwa urefu.

Vifaa kwanza, haraka. Usiniambie hauna tablete. Mi niko na telefone ya RAM 3 (memoria kidogo tu) na ibis Paint, aplikasio ya kuchora, ya bure, matangazo yake utavumilia tu. Mwenye ordinatere aweke Krita, programu ya kuchora, nayo ni bure. Na kuchora na kidole haiko haya: mu muji wetu huu, mu ile atelie ya Hangar yenye Romain-Desfossés alifungua 1946, wakati Lubumbashi ingali Élisabethville, muchoraji Bela alikuwa anapaka rangi na vidole vyake mwenyewe, alama moya moya, na leo picha zake ziko mu makumbusho. Shida ya kidole ni kiganja, kikigusa ekra kinaacha mustari fasi haukutaka. Dawa: kata soksi ya zamani, vaa ku mukono, acha kidole cha kuchora tu nje, ekra haisikiake kitu kupita kitambaa nzito. Na jasho haitaingia.

Fungua karatasi ya pikseli 2480 kwa 3508, hiyo ni A4 yenye inaweza kuchapishwa vizuri kwa 300 dpi (alama 300 ku kila inchi). Telefone ikianza kulia, punguza kalki, usipunguze karatasi. Kalki (ni sawa karatasi za plastiki zenye kuona ndani, unapanga moya juu ya ingine) ine zinatosha: nyuma, nyama, kivuli, mwangaza. Nimeona bantu na kalki makumi ine, banasahau wapi waliweka jicho.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na macho, najua unapenda kuanza na macho. Chora ba nyama kumi badogo, kila moya ukubwa wa kiberiti, na rangi nyeusi tu, bila mustari ndani. Kivuli tu. Dakika mbili kila moya, mbaya au nzuri unaacha. Kisha weka telefone ku meza, rudi nyuma hatua tatu, angalia: yule mwenye unatambua kichwa iko wapi, miguu ngapi, anaenda upande gani, njo huyo. Bengine tisa bafute. Ya kwangu yenye ilibaki ilikuwa na mugongo ya mviringo, mikono ya mbele minene kupita ya nyuma, na kichwa kidogo kirefu yenye kuinama chini. Ata mutoto angesema: huyu anachimbaka.

Hapo unaenda kutafuta nyama za kweli. Mbili, tatu ni mwisho, ukichanganya tano inakuwa mboga ya jana. Mi nilichukua kakakuona na muhanga, juu wote wawili banakulaka mchwa, na hapa njo swali ya nkambo inafanya kazi: kakakuona hana meno, hana ata moya, ana ulimi mrefu tu wenye kunata. Basi zimwi yangu nayo haina meno. Ilinisumbua, nilizani haitaogopesha, lakini chora mudomo kama tundu ndogo nyeusi, ulimi unatoka mrefu kupita mukono ya muntu, uone. Magamba yake nayo ni kitu sawa na kucha zetu, kwa hiyo yanavunjika pembeni, yanachakaa fasi yanagusa udongo, hayangʼae kila fasi sawa bati mupya.

Mifupa ndiyo inakamataka bantu. Angalia muguu wa nyuma wa mbuzi: kile kiungo chenye unasema ni goti imegeuka nyuma, ni kisigino, goti yenyewe iko juu karibu na tumbo. Na bawa ya popo ni mukono, vidole vimenyooshwa na ngozi katikati. Ukijua bile viwili, nyama yako ata ikiwa na miguu sita itaonekana inaweza kutembea. Macho nayo: mara mingi mwenye kuwinda macho yake iko mbele, mwenye kuwindwa iko pembeni. Ya kwangu ni madogo na pembeni, anaishi mu giza.

Rangi bado. Paka kijivu kwanza, tatu tu: ya giza, ya katikati, ya mwanga, na uchague jua iko wapi, moya, usibadilishe. Geuza picha kushoto kulia mara kwa mara, aplikasio iko na hiyo buto, utaona makosa yenye jicho ilishazoea. Ya kwangu kichwa ilikuwa inaanguka upande, sikuona mpaka nigeuze.

Kijivu ikisimama, fungua kalki juu yake, weka modi ya Multiply (rangi inaingia na kijivu cha chini kinaonekana bado), mwaga rangi: udongo mwekundu wa kwetu ku mugongo, kivuli kikienda upande wa bluu kidogo. Kisha acha ile pinso (burashi) laini sawa moshi! Wanaoanza wanaipenda kupita kiasi na nyama inakuwa sabuni. Mwenze Kibwanga, naye wa Hangar, alikuwa anajenga mwili mzima na mistari mifupi mifupi yenye kufuata umbo, na ku telefone inaendaka vizuri sana, pinso ngumu, mustari kwa mustari, ukifuata vile ngozi inazunguka. Magamba usichore yote. Chora kichwani na begani kwa uangalifu, kule ku mukia weka madoa tu, jicho ya muntu itamaliza yenyewe.

Ukubwa: zimwi peke yake ku karatasi nyeupe haina ukubwa. Niliweka kinga (baiskeli) moya imelala chini ya kucha yake, gurudumu imekunjika. Na huo ni ujanja wa zamani, bachoraji ba kwetu wakipaka Mamba Muntu, yule mwanamuke wa mayi mwenye mukia wa samaki, mara mingi wanamuweka saa ku mukono. Ile saa njo inakufanya uamini mukia.

Nikwambie penye nilianguka. Nilimalizia usiku, kura (umeme) imekatika, ekra nimeiweka mwangaza wote mu chumba ya giza, picha inawaka sawa taa. Asubui nikaenda kuichapisha, nikalipa, na karatasi ikatoka nyeusi, zimwi imepotea ndani ya kichuguu yake kabisa. Kosa yangu. Sasa naweka mwangaza katikati, naangalia picha nje mchana mbele ya kulipa, na mara mingi naongeza mwanga kidogo.

Ya mwisho, kuituma. WhatsApp inabana picha, magamba yote yanakuwa uji. Toa faili ya PNG, itume kama dokima, hapana kama foto, na ile yenye kalki ibakie ku kadi memoria, juu mteja atarudi kusema anataka pembe.