Kusema Kweli Wakati wa Maradhi: Mwongozo kwa Viongozi na Wanahabari wa Mombasa

Kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi tarehe 3 Februari 2018, Mombasa iliripoti wagonjwa 453 wa homa ya chikungunya. Mtangazaji ambaye angeisoma idadi hiyo redioni bila nyongeza asingekuwa amesema uongo, lakini angekuwa amemnyima msikilizaji jambo alilostahili kulijua: katika hao 453, waliothibitishwa na maabara walikuwa 32 tu, na 421 waliosalia walikuwa watu wenye dalili, walioshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Anayetaka kutuliza watu angeshika 32, anayetaka kuuza gazeti angeshika 453, na wote wawili wangekuwa na karatasi ya kujitetea.

Mwongozo huu unamhusu kiongozi aliyeshika kipaza sauti, awe gavana, waziri wa afya wa kaunti au mwakilishi wa wadi, na unamhusu mwanahabari aliyeketi mbele yake. Unachodai kwao ni kimoja: wasionyeshe uhakika wasiokuwa nao. Uongo wa wazi si mwingi nyakati za maradhi. Kilicho kingi, na chenye madhara makubwa zaidi, ni maneno ya uhakika yaliyotamkwa kabla ya kujua.

Kabla ya kuwaita wanahabari

Kwanza patana na wenzako nani atasema. Tangu mwaka 2013 hospitali na zahanati nyingi zimekuwa chini ya serikali za kaunti, ilhali sera ya afya imebaki kwa Wizara ya Afya Nairobi, na ukaguzi wa afya bandarini na katika uwanja wa ndege ni kazi ya serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba mlipuko ukitokea Mombasa, pana ofisi zaidi ya moja zenye haki ya kuuzungumzia, na kila moja ina daftari lake. Zikitoa namba mbili tofauti siku moja, mwananchi hataketi kuzipatanisha. Atahitimisha kwamba pana anayedanganya.

Kwa hiyo kila namba itamkwe pamoja na saa iliyohesabiwa na eneo inalolihusu. Hospitali ya Rufaa ya Pwani hupokea wagonjwa wa Mombasa na wa kaunti jirani pia, hivyo idadi ya waliolazwa pale si idadi ya wagonjwa wa Mombasa. Sentensi moja ya kulieleza hilo huzuia mabishano ya wiki nzima.

Mwache daktari azungumze. Mwanasiasa afungue mkutano, aeleze uamuzi wa serikali na abebe lawama zake, lakini maswali ya ugonjwa wenyewe ayaachie mtu aliyesomea. Wapo viongozi wanaoliona hilo kama kupungukiwa hadhi. Ni afadhali hadhi ipungue kidogo kuliko kusahihishwa kesho yake na daktari yuleyule uliyemnyima nafasi.

Tangazo la kwanza

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio laweza kuwa dharura ya kimataifa. Haiingii akilini kwamba Geneva, makao makuu ya shirika hilo, ijue kabla ya Kisauni. Hata hivyo, kishawishi cha kungoja ni kikubwa, na hapa Mombasa kina sura maalumu: hoteli za Nyali na Shanzu, meli za watalii, na maelfu ya watu ambao riziki yao hutegemea mgeni kufika. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau hajaona msimu mbovu ulivyo. Lakini balozi na kampuni za usafiri hupata taarifa kwa njia zao, hivyo kimya cha serikali hakimfichi mgonjwa kwa mtalii. Humficha kwa jirani yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Tangazo la kwanza liwe na mambo matatu, hata kama kila moja ni sentensi moja tu: tunachokijua na namna tulivyokijua, tusichokijua bado, na lini tutarudi. Huu ni mfano wa kubuni, ambao mtu anaweza kuurekebisha kulingana na hali yake:

"Watu wanne kutoka mtaa mmoja wa Likoni wamelazwa tangu jana wakiharisha na kutapika. Tunashuku kipindupindu, lakini hatujathibitisha. Sampuli zimepelekwa maabara na majibu tunayatarajia kesho. Hatujajua kama chanzo ni kisima, maji ya mkokoteni au chakula. Msingoje majibu: chemsheni maji ya kunywa au yatieni dawa ya klorini, na mwenye kuharisha aanze kunywa maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati, huku akipelekwa kutibiwa. Kesho saa nane mchana tutarudi hapa, majibu yawe yamefika au hayajafika."

Sababu ya kutongoja majibu imo katika ugonjwa wenyewe. Dalili za kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache au hadi siku tano baada ya mtu kula au kunywa kilichochafuliwa, na mgonjwa asiyetibiwa anaweza kufa siku hiyohiyo, ilhali akirudishiwa maji mwilini mapema uwezekano wa kufa hushuka chini ya asilimia moja. Msemaji anayesubiri karatasi ya maabara ili asionekane amekurupuka anaitumia vibaya saa ambayo ingeokoa mtu.

Kuna mtego mwingine katika neno "hakuna". Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu walioshukiwa kuwa na homa ya Marburg mkoani Kagera, Tanzania. Wizara ya afya ya nchi hiyo ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Sampuli isiyokutwa na virusi husema habari za watu waliotolewa sampuli hizo, na haisemi habari za mkoa mzima. Basi kiongozi aseme "waliopimwa hadi jana jioni hawakukutwa na ugonjwa," na ajizuie kabisa kusema "ugonjwa haupo." Afadhali pia ajue kwamba Rais kusimama mwenyewe na kutangaza kilichokuwa kinakanushwa ni jambo la kuigwa, maana si viongozi wengi waliolifanya.

Kuacha kuhesabu ni kubaya kuliko kuhesabu vibaya. Tanzania hiyohiyo, idadi ya wagonjwa wa korona ilikomea 509 mwishoni mwa Aprili 2020, na baada ya hapo takwimu hazikutolewa kwa muda mrefu. Mipaka ya Lungalunga na Taveta haikuzuia malori wala jamaa kutembeleana, na hivyo upande wetu wa Pwani tulibaki tukikisia kwa kuhesabu mazishi ya kusimuliwa. Namba ikiondoka, mahali pake huchukuliwa na ujumbe wa sauti wa WhatsApp usio na mwenyewe.

Usizindue dawa

Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi aliutangazia ulimwengu kwamba wanasayansi wa taasisi ya utafiti ya KEMRI wamepata dawa ya UKIMWI iliyoitwa Kemron. Magazeti yakashangilia, na wagonjwa wakasafiri kutoka nchi za nje kuja kuitafuta. Majaribio yaliyofanywa baadaye, yakiwemo ya Shirika la Afya Duniani, hayakuona faida yoyote. Mwezi wa Novemba 1999 ndipo Rais huyohuyo alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Si haki kusema miaka hiyo yote ilipotea kwa sababu ya Kemron peke yake, lakini inatosha kuonyesha jinsi fahari ya taifa inavyoweza kulitangulia jaribio la dawa.

Kiongozi akiletewa tiba, iwe ya maabara au ya mganga wa miti shamba, asipigwe picha nayo. Aulize imejaribiwa kwa watu wangapi, imelinganishwa na nini, na nani asiye na maslahi aliyekagua matokeo. Mwanahabari aulize hayohayo, na majibu yakikosekana aandike kwamba yamekosekana. Tangawizi na ndimu humpa nafuu mwenye koo linalowasha, na hakuna haja ya kumkejeli bibi anayevichemsha. Ubaya huanza pale mtu mwenye cheo anapoviita tiba.

Ushauri ukibadilika, tamka wazi kwamba umebadilika. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilibadilisha maelekezo yake kuhusu watu wa kawaida kuvaa barakoa tarehe 5 Juni 2020. Anayebadilisha bila kueleza sababu huonekana kigeugeu, na anayeng'ang'ania la jana kwa kuogopa kuonekana hivyo huwadhuru wanaomwamini.

Amri na gharama zake

Katika mwezi wa kwanza wa karantini za mwaka 2020 watu waliowekwa humo walitakiwa walipie wenyewe, mpaka serikali ilipotangaza mwezi wa Mei kwamba itabeba gharama. Katika mazingira hayo mtu aliyekimbia kupimwa hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu. Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, swali la vibarazani lilikuwa nani atalisha nyumba zinazoishi kwa biashara ya kila siku, na kama amri hiyo inawalenga wakazi au inalenga ugonjwa.

Kwa sababu hiyo, kila amri itolewe pamoja na muda wake, anayelipa, na sababu ya eneo hilo kuchaguliwa. Lisiloamuliwa lisemwe halijaamuliwa. Mtaa utajwe pale kuutaja kunapomsaidia mtu kufanya jambo, kwa mfano kuacha kutumia kisima fulani. Kabila na dini ya wagonjwa havimsaidii mtu kufanya lolote, na jina la mgonjwa linalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Mazishi yanahitaji ukweli wa kipekee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2020 ulieleza kwamba kwa kawaida maiti haiambukizi, isipokuwa katika homa za kuvuja damu kama Ebola na Marburg, na katika kipindupindu. Na ulisisitiza heshima ya marehemu na mila za familia. Hivyo maimamu na mapadri waitwe mapema, waelezwe ni ugonjwa gani unaozuia kuosha maiti kwa njia ya kawaida na ni upi unaohitaji glavu na tahadhari tu. Amri moja ya vitisho kwa maradhi yote ni aina ya uongo, hata ikiwa imetolewa kwa nia njema.

Kazi ya mwanahabari

Usiripoti idadi ya wagonjwa bila idadi ya waliopimwa. Wagonjwa 20 katika watu 100 ni habari mbaya kuliko wagonjwa 30 katika watu 1,000, lakini kichwa cha habari kisicho makini kitasema wagonjwa wameongezeka. Maneno "wanaoshukiwa" na "waliothibitishwa" yabaki hata nafasi ikiwa finyu. Ondoa sifa za waziri kwanza.

Ukinyimwa takwimu, usiishie kuandika kwamba msemaji hakupokea simu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa kawaida ofisi ina siku 21 za kujibu, lakini habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inatakiwa itolewe ndani ya saa 48. Andika barua fupi, taja hati unayoitaka na tarehe zake, kisha ueleze katika aya ya kwanza kwamba ombi linahusu uhai. Hifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Barua hiyo ni habari hata kabla ya kujibiwa.

Unapokanusha uvumi, anza na ukweli, utaje uvumi mara moja kwa ufupi, kisha urudi kwenye ukweli. Kituo kinachocheza ujumbe wa sauti wa uzushi dakika tatu ili kuukanusha kwa sekunde kumi kimeueneza. Picha ya zamani au ya nchi nyingine isitumike hata kwa mapambo. Kosa likitangazwa katika taarifa ya saa moja usiku, lisahihishwe katika taarifa ya saa moja usiku, kwa kusema lilikuwa nini na sahihi ni nini.

Upo pia mtihani usiopendwa kutajwa: matangazo ya serikali ni sehemu kubwa ya mapato ya vyombo vingi vya habari, na deni la matangazo hayo huweza kumfanya mhariri awe mpole kuliko anavyopaswa. Chumba cha habari kiamue kabla ya mlipuko, kwa maandishi, kwamba idara ya mauzo haina sauti katika habari za afya. Kuamua siku ambayo simu imeshapigwa ni kuchelewa.

Mlipuko unapokwisha

Kutangaza mwisho kuna masharti kama kutangaza mwanzo. Kwa Marburg, kwa mfano, huhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, na Tanzania ilitangaza mwisho wa mlipuko wa Kagera tarehe 13 Machi 2025. Kiongozi asiyahesabu masiku kwa pupa kwa sababu ya sikukuu au kampeni. Siku hiyo atoe jumla ya waliougua na waliokufa, akiwatenganisha waliothibitishwa na walioshukiwa tu, aeleze fedha zilivyotumika, na ataje ofisi ambako familia ya marehemu asiyepimwa inaweza kuuliza. Mwanahabari aliyekuwa akihesabu wagonjwa kila jioni na arudi kuzisoma namba hizo, azilinganishe na daftari lake mwenyewe, na pale zinapopishana aulize kabla ya kamera kuondoka.