Pumu shuleni: mwanafunzi akuonyeshe, asikueleze

Ukimaliza kufundisha inhela ya kupuliza (kikopo kinachopuliza dawa ya pumu kikibonyezwa), usiulize "mmeelewa?" Mpe kila mwenye pumu inhela ya mazoezi isiyo na dawa (moja isizunguke mdomo kwa mdomo), kisha aonyeshe bila kukumbushwa: atikise, atoe pumzi, aanze kuvuta polepole huku akibonyeza mara moja, abane pumzi hadi sekunde 10. Kosa huonekana papo hapo. Wengi hubonyeza kabla ya kuvuta, dawa ikaishia kooni. Asiyeweza kuoanisha kubonyeza na kuvuta atumie spesa, chombo kinachochomekwa kwenye inhela na kushika dawa hadi ivutwe. Rudieni baada ya wiki chache, ustadi huu husahaulika upesi. Hatua hizi hazifai kwa inhela ya unga, inayovutwa kwa nguvu na haraka. Na mtoto akibanwa na pumu, ni dawa kwanza, somo baadaye.