Soma lebo kwanza: shampeni na mvinyo kwa sisi tunaoishi Ufaransa

Aliyezoea dompo ya Dodoma, au mvinyo mtamu unaopendwa kwenye sherehe za Nairobi, hufika Ufaransa na ulimi unaotafuta sukari. Akialikwa harusi ya mfanyakazi mwenzake anamiminiwa shampeni, anakunja uso, na kuanzia siku hiyo anasema vinywaji hivi ni vya wenyewe. Sikubaliani naye. Mara nyingi amepewa chupa isiyomfaa, na angeweza kulijua hilo kwa kusoma lebo.

Kila chupa ya shampeni hutaja kiwango cha sukari. Brut, ambayo ndiyo nyingi madukani, ina chini ya gramu 12 kwa lita. Extra brut haizidi 6, na brut nature ina chini ya 3. Extra dry huwachanganya wengi, kwa sababu ni tamu kuliko brut: ina gramu 12 hadi 17. Sec inafika 32, na demi-sec inakwenda kati ya 32 na 50. Kama ndiyo unaanza, nunua demi-sec, uinywe na keki au kaimati, kisha shuka ngazi polepole kadiri ulimi unavyozoea. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Wafaransa wenyewe wana mivinyo mitamu wanayoiheshimu sana, kama Sauternes ya Bordeaux na Coteaux du Layon ya bonde la Loire.

Ule uchachu wa shampeni una sababu yake. Eneo la Champagne, inakotoka shampeni, liko kaskazini mwa Ufaransa, kwenye baridi, na zabibu zake (hasa Pinot Noir, Meunier na Chardonnay) huvunwa zikiwa bado na uchachu mwingi. Mvinyo ukishatengenezwa hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari na hamira, ukachachuka mara ya pili humo humo. Gesi haina pa kutokea, na shinikizo hufika takriban bar 6. Hamira ikifa hubaki chini ya chupa kwa miezi mingi, na ndiyo inayoleta ile harufu ya mkate uliochomwa. Sheria inataka shampeni isiyo na mwaka kwenye lebo ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, na yenye mwaka ikae miaka 3. Sehemu kubwa ya bei unayolipa ni muda huo, na ardhi ghali ya Champagne.

Mfuko ukikataa, tafuta Crémant, mvinyo mwingine wenye mapovu: ya Alsace, Loire, Bourgogne au Limoux. Nayo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, hukaa na hamira yake angalau miezi 9, na bei yake ni nafuu zaidi. Kwenye lebo ya shampeni, angalia pia herufi ndogo mbili. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe. NM ni kampuni inayoweza kununua zabibu kwa wakulima, na kampuni nyingi maarufu za shampeni ziko kundi hili. Mimi hupendelea RM, kwa kuwa kwa pesa ileile mara nyingi unapata kinywaji chenye tabia ya kijiji chake.

Ipoze hadi nyuzi 8 hadi 10: nusu saa kwenye ndoo ya maji na barafu inatosha. Kufungua kunahitaji uangalifu, kwani kizibo kinaweza kumpofua mtu. Inamisha chupa mbali na watu, legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, kisha shika kizibo imara na uzungushe chupa yenyewe. Tumia glasi yenye tumbo kidogo, kwa sababu ile nyembamba kama bomba huificha harufu. Usiijaze. Nusa kwanza, kisha onja kidogo ukikizungusha kinywaji mdomoni.

Na utakapokwenda kwenye maonyesho ya kuonja, tema. Kwetu kutema kinywaji ulichokaribishwa ni tusi, lakini hapa chombo cha kutemea huwekwa makusudi na wajuzi wote hukitumia. Dereva alitilie maanani zaidi: kikomo ni gramu 0.5 za pombe kwa lita moja ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Maonyesho mazuri ya kuanzia ni Salon des Vignerons Indépendants, yanayofanyika Paris na miji mingine, ambako wakulima wenyewe ndio wanaokumiminia. Ukipata siku nzima, panda treni kutoka Gare de l'Est hadi Reims, safari isiyofika saa moja, utembelee mahandaki ya chokaa yanamohifadhiwa shampeni. Weka nafasi mapema na uvae koti. Huko chini ni baridi mwaka mzima.

Mvinyo mwekundu una jambo jingine: ukakasi, ule unaoukausha ulimi kama bibo. Bordeaux ya ukingo wa kushoto wa mto Gironde, yenye Cabernet Sauvignon nyingi, ikiwa changa hukausha sana. Inataka nyama yenye mafuta, na nyama choma ya ng'ombe inaiweza vizuri. Pinot Noir ya Bourgogne ni laini zaidi. Pilau nainywea Côtes-du-Rhône, maana inapatana na karafuu na mdalasini. Pilipili ikizidi, achana na mwekundu mkali, kwani pombe na ukakasi huuongeza moto. Chukua mweupe kama Gewurztraminer ya Alsace au Vouvray demi-sec, ambayo pia hukaa vizuri na samaki wa kupaka. Sambusa na bajia ndipo mahali pa brut: uchachu na mapovu yake hukata mafuta.

Ukialikwa chakula cha jioni, peleka chupa, na usisikitike mwenyeji asipoifungua. Huenda alishachagua mvinyo wa chakula chake. Msiokunywa, kwa dini au kwa hiari, semeni tu hapana asante, na mnaweza kupeleka juisi nzuri ya zabibu.

Ya kupeleka nyumbani ifungashe kwenye nguo katikati ya sanduku unalokabidhi uwanja wa ndege, na uangalie kabla ya safari kiwango ambacho forodha ya unakokwenda inaruhusu bila ushuru. Mwambie mpokeaji asiihifadhi kabatini miaka mitano akisubiri harusi. Joto la Dar au Mombasa litaiharibu, na shampeni isiyo na mwaka huuzwa ikiwa tayari kunywewa.